Deni la Dola Hulipwa kwa Dola: Akili Mnemba na Kazi ya Mhandisi wa Programu

Mwishoni mwa msimu uliopita wa masoko ya tumbaku nilikuwa nimeketi katika ofisi ya chama kimoja cha ushirika cha msingi, mkoani Tabora, laptopu ikiwa mezani mbele yangu na katibu wa chama, mama wa makamo aliyeishika kazi hiyo kwa miaka mingi, akiwa upande wa pili na daftari lake la makato. Nilikuwa nimepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kukokotoa malipo ya wakulima: mtumba wa tumbaku unapimwa, mteuzi anaupa daraja, bei ya daraja inazidishwa kwa kilo, mkopo wa pembejeo unakatwa, ushuru wa chama unakatwa, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti ya mkulima. Nilimweleza wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea maelezo ya kawaida na kufanya kazi yenyewe, kanuni hizo kwa aya mbili, naye akaandika msimbo wote, yaani maelekezo ambayo kompyuta huyafuata, pamoja na majaribio yake kwa muda usiozidi dakika tano. Majaribio yote yalipita. Nilipomwonyesha katibu hesabu ya mkulima wa kwanza alivaa miwani, akageuza karatasi ya soko upande wa nyuma, akaanza kuhesabu kwa kalamu.

Tarakimu za mkulima huyo nimezibadili ili asijulikane, lakini hesabu yenyewe ilikwenda hivi. Tuseme aliuza kilo 412 kwa wastani wa dola 1.80 kwa kilo, yaani dola 741.60, na mkopo wake wa pembejeo ulikuwa dola 310. Siku fedha zilipoingia benki, dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 2,460. Siku mbolea ilipotolewa, miezi mingi nyuma, ilikuwa shilingi 2,600. Mfumo wangu ulibadili mauzo kwa kiwango cha siku ya malipo na kuubadili mkopo kwa kiwango cha siku ya mbolea, kwa sababu kila jedwali nililoupa lilikuwa na tarehe yake na kiwango chake, kisha ukatoa shilingi kwenye shilingi na kupata 1,018,336 kabla ya ushuru. Katibu alipata 1,061,736. “Hapana, mwanangu,” aliniambia bila kuinua kichwa, “deni la dola hulipwa kwa dola. Ukishalitoa, ndipo unabadilisha kinachobaki.” Tofauti ilikuwa shilingi 43,400 kwa mkulima mmoja tu, na chama kile kina wakulima mamia kadhaa.

Nimeanzia hapo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu akili mnemba na uhandisi wa programu huishia kwenye swali moja, kama mashine itatunyang’anya kazi au la, na swali hilo hulifunika jingine ambalo mimi naliona zito zaidi. Uelewa wa mfumo unakaa wapi, na unapatikanaje, pale ambapo anayeuandika si yule atakayewajibika ukikosea? Kwa miaka yote niliyoandika msimbo kwa mkono sikulazimika kujiuliza hivyo, maana uelewa ulikuja wenyewe katikati ya kuandika. Kama ningeiandika hesabu ile kwa vidole vyangu, ningefika kwenye mstari wa kubadili dola kuwa shilingi, ningeona kwamba programu inanidai kiwango kimoja nami ninavyo viwili, na hapo ningesimama na kumpigia katibu simu. Polepole ile ya kuandika, ambayo kila mmoja wetu aliilalamikia, ndiyo iliyokuwa inazaa maswali. Wakala aliufikia mstari ule ule na kuupita kwa sekunde moja, akiwa amejijibu mwenyewe kwa jibu linaloelekea kuwa sahihi.

Ili kuona kwa nini hali hii ni tofauti na mabadiliko yaliyotangulia, inafaa kukumbuka kwamba mashine kuandika kwa niaba ya binadamu si jambo la jana. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyelitumikia pia jeshi la majini la nchi hiyo, alitengeneza programu iitwayo A-0 iliyokusanya vipande vya maelekezo na kuvigeuza kuwa lugha ya mashine, na mwaka 1957 kundi la IBM lililoongozwa na John Backus lilitoa kompaila ya kwanza ya Fortran, yaani programu inayotafsiri lugha hiyo ya programu kuwa lugha ya mashine. Tangu hapo, hatua kwa hatua, waandishi wengi wa programu wameacha kuandika lugha ya mashine wenyewe, na wengi wetu hatujawahi hata kuisoma. Hatuisomi kwa sababu kompaila inafuata mkataba: maana ya kila sentensi ya lugha ya programu imeandikwa mahali fulani kwa ukamilifu, na kompaila ikipewa maandishi yale yale hutoa maana ile ile, leo na kesho, Tabora na kwingineko. Ikienda kinyume, hiyo ni hitilafu ya kompaila, nayo hurekebishwa.

Modeli kubwa ya lugha, ambayo ndiyo inayomwendesha wakala wangu, haina mkataba wa namna hiyo. Imejengwa juu ya muundo wa kihesabu uitwao transfoma, uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na msingi wa mafunzo yake ni kutabiri kipande cha maandishi kinachofuata vipande vilivyotangulia, zoezi linalorudiwa juu ya maandishi mengi mno, msimbo wa programu ukiwamo, kisha kunolewa zaidi ili majibu yafuate maelekezo na kumfaa anayeuliza. Kutokana na zoezi hilo hupatikana uwezo ambao miaka kumi iliyopita nisingeuamini, na sina nia ya kuudogosha. Lakini unachopewa ni kile kinachoelekea zaidi kuandikwa na watu walioandika mambo yanayofanana na ombi lako. Pale ambapo ombi lako limeacha pengo, pengo hujazwa na desturi ya wengi. Nami nakiri kwamba desturi ya wengi duniani ni kubadili kila kiasi kwa kiwango cha tarehe yake. Mhandisi mgeni kutoka jiji lolote angeweza kufanya vivyo hivyo. Chama cha tumbaku, ambacho hukopa kwa dola, huuza kwa dola na hulipa wanachama kwa shilingi, kina utaratibu wake, na utaratibu huo ulikuwa umeandikwa katika kichwa cha katibu na kwenye migongo ya karatasi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika majaribio yangu ya kwanza niliandika maelekezo kwa Kiswahili na kutaja “mtumba” mara kadhaa, neno ambalo kwetu kila mkulima analijua kuwa ni robota la tumbaku lililofungwa tayari kwa soko. Wakala alinitengenezea jedwali lenye safu za saizi, rangi na aina ya nguo. Kwa sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili aliyoyasoma, mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa. Kosa hilo lilionekana papo hapo na halikumdhuru mtu, na ndiyo maana linafaa kuwekwa kando ya lile la dola: chanzo ni kimoja, lakini la nguo linajitangaza lenyewe na la dola linajificha ndani ya tarakimu zinazopendeza macho.

Mwendo wa vifaa hivi umekuwa wa kasi. GitHub Copilot ilitolewa kwa majaribio mwaka 2021, ikikamilisha mstari ulioanza kuuandika. ChatGPT ikafuata Novemba 2022, na watu wakaanza kuuliza kwa maneno ya kawaida. Kufikia mwaka 2025 wahandisi wengi walikuwa wakitumia mawakala, yaani modeli iliyopewa ruhusa ya kufungua mafaili, kuandika, kuendesha amri, kusoma matokeo na kujirekebisha katika mzunguko hadi kazi ikamilike. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, kampuni iliyotoa ChatGPT, alieleza namna ya kutengeneza programu ambayo mtu anajiachia kabisa kwa mashine na kusahau kwamba msimbo upo. Maelezo yake yalienea kuliko tahadhari aliyoiambatanisha nayo, kwamba hilo linafaa kwa miradi midogo ya mwisho wa wiki, isiyokusudiwa kudumu.

Je, vifaa hivi vinaharakisha kazi? Hapa pana tafiti mbili ambazo zikisomwa juujuu zinapingana, na zikisomwa kwa utulivu zinasaidiana. Ya kwanza ilichapishwa mwaka 2023: wahandisi 95 walipewa kazi moja ya kuandika seva ndogo ya wavuti, yaani programu inayojibu maombi ya kurasa za mtandao, kwa lugha ya JavaScript, na wale waliokuwa na Copilot walitumia muda pungufu kwa asilimia 55.8. Ya pili ilitolewa Julai 2025 na shirika la utafiti la METR la Marekani. Wahandisi 16 wazoefu walifanya kazi 246 katika miradi ya programu huria waliyoizoea kwa miaka, na kila kazi ilipangwa kwa bahati nasibu iwe ya kutumia akili mnemba au ya kutoitumia. Kabla ya kuanza walitarajia kwamba akili mnemba ingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini imewapunguzia asilimia 20. Saa zilipohesabiwa, ilikuwa imewaongezea asilimia 19.

Ukiziweka tafiti hizo pamoja utaona kwamba zimepima vitu viwili. Seva ndogo ya wavuti ni kazi isiyo na historia. Imekwisha kuandikwa mara nyingi mno duniani, haina katibu wala daftari, na yote yanayohitajika kuifahamu yamo ndani ya swali. Mradi mkubwa uliojengwa kwa miaka ni kama shamba la ukoo: mpaka upo, lakini umeshikwa na mti fulani na kichuguu fulani ambavyo mwenyeji anavijua na mgeni havioni. Mhandisi mzoefu anayemkabidhi wakala kazi ndani ya shamba hilo hana budi kumweleza mipaka, kusubiri, kusoma alichokifanya, kukataa sehemu yake na kumwelekeza upya, na muda huo wote unaweza kuzidi ule ambao angeutumia kulima mwenyewe. Utafiti wa METR ulihusu vifaa vya mwanzoni mwa mwaka 2025 na watu wa aina moja, kwa hiyo nisingeusimamisha kuwa hukumu ya milele juu ya kasi. Kinachonishughulisha zaidi ni ile tofauti kati ya walichokihisi na kilichotokea. Watu walewale waliofanya kazi walikosea kuhusu muda wao wenyewe kwa karibu asilimia 40, na nadhani najua sababu, maana nimeihisi: kusoma kitu kinachojiandika mbele yako hakuchoshi kama kukifikiria, na uchovu ndio tuliozoea kuutumia kama saa.

Mtu aliyenisaidia kuelewa kilichotupata ofisini mwa katibu aliandika kabla vifaa hivi havijawaziwa. Mwaka 1985 Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, alitoa hoja kwamba programu halisi si maandishi yake. Kwa maoni yake, anayetengeneza programu anajenga nadharia akilini, yaani ufahamu wa jinsi mambo ya dunia yanavyolingana na sehemu za programu, kwa nini kila sehemu iko ilivyo, na ombi jipya likija litapokewaje bila kubomoa kilichopo. Maandishi ni alama inayoachwa na ufahamu huo, na waliokuwa nao wakiondoka wote, programu inakufa hata kama inaendelea kufanya kazi, kwa kuwa hakuna tena anayeweza kuibadili kwa akili. Kwa miaka mingi hoja hiyo ilihusu wahandisi wanaoacha kazi. Leo inahusu pia programu inayozaliwa bila mtu yeyote kuwa na ufahamu wake tangu siku ya kwanza. Msimbo wangu wa dakika tano ulikuwa wa namna hiyo: ulikuwa safi, ulikuwa na maelezo kwenye kila sehemu, na hapakuwa na kichwa cha mtu ambamo ulikaa.

Nikisema kwamba akili mnemba imebadili namna wahandisi wanavyofikiri, hicho ndicho ninachokimaanisha. Zamani nilifikiri kwa kuandika. Sasa inanibidi nifikiri kabla ya kuandika na baada ya kuandika, na vipindi hivyo viwili hakuna anayenilazimisha kuvitumia isipokuwa mimi mwenyewe, kwa sababu mashine haitasimama kunisubiri. Siku yangu ya kazi imegeuka. Sehemu kubwa ni kusoma, na kusoma msimbo wa mwingine ni kugumu kuliko kuandika wako, hasa msimbo uliopangwa vizuri kiasi kwamba jicho linateleza juu yake. Sehemu nyingine ni kuandika Kiswahili, sentensi za kawaida zinazoeleza kanuni, na nimegundua kwamba waliozoea kuandika barua za kiofisi zenye hoja iliyonyooka wanaimudu sehemu hii kuliko baadhi ya wahandisi hodari ninaowajua. Kukumbuka majina ya amri na mpangilio wa alama, jambo lililokuwa fahari yetu, kumekuwa na thamani ndogo, nami sioni sababu ya kulihuzunikia.

Jambo la majaribio linahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiko nilikodanganyika. Jaribio la programu ni msimbo mdogo unaoilisha programu kuu tarakimu fulani na kulinganisha jibu na lile linalotarajiwa. Nguvu yake yote iko katika asili ya jibu linalotarajiwa. Likitoka kwa mtu anayeujua ukweli kwa njia nyingine, jaribio ni shahidi. Likitoka kwa aliyeandika programu yenyewe, kutokana na dhana ileile, basi anajishuhudia mwenyewe. Wakala wangu alidhani mkopo hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya mbolea, akaandika msimbo hivyo, kisha akaandika majaribio ambayo jibu lake tarajiwa lilikokotolewa vilevile, na alama za kijani, za majaribio yaliyopita, zilizojaa kwenye kioo zikaniridhisha. Isitoshe, mawakala wameonekana wakibadili jaribio lenyewe ili lipite, au wakiingiza ndani ya programu jibu maalumu kwa tarakimu zile tu zilizomo kwenye jaribio, kwa maana lengo walilopewa ni kuona alama ya kijani na hiyo ndiyo njia fupi ya kuifikia.

Tangu siku ile nimegeuza utaratibu. Kabla ya wakala kuandika neno lolote, ninakaa na katibu na karatasi tupu yenye mistari, tunachagua wakulima watano ambao hesabu zao hazifanani: aliyemaliza mkopo, ambaye mauzo yake hayakutosha mkopo, aliyeuza katika masoko mawili yenye malipo ya siku tofauti, aliyechukua pembejeo za ziada katikati ya msimu, na ambaye mtumba wake mmoja ulirudishwa kwa unyevu. Katibu anazikokotoa kwa mkono, mstari kwa mstari, nami ninauliza kila anapoinua kalamu. Hesabu ya aliyeshindwa kumaliza mkopo ilituchukua asubuhi nzima, kwa sababu deni lake linabebwa na wenzake kwa utaratibu waliokubaliana, na utaratibu huo katibu mwenyewe hakuwahi kuutamka kwa maneno. Alikuwa akiutenda tu. Karatasi hiyo ndiyo inayokuwa majibu tarajiwa, na wakala anakatazwa kuigusa. Msimbo bado unaandikwa kwa dakika chache. Asubuhi nzima imehamia mahali pengine, na naona sasa kwamba hapo ndipo ilipokuwa inastahili kukaa tangu mwanzo.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Uingereza Lisanne Bainbridge alichunguza viwanda vilivyoendeshwa na mitambo inayojiongoza na kuonyesha mkanganyiko uliomo: mtambo unachukua kazi nyepesi za kila siku na kumwachia binadamu zile ngumu zinazotokea mara chache, na wakati huohuo unamnyima mazoezi ya kila siku ambayo ndiyo yangemwezesha kuzimudu hizo ngumu. Mimi nilijifunza kazi kabla ya mawakala, kwa hiyo ninakula akiba ya miaka ya makosa niliyoyafanya kwa mkono. Vijana wanaoanza leo hawana akiba hiyo, na kwa Tabora suala hilo lina sura ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha.

Katika miji mikubwa kijana anayeanza kuandika programu huketi karibu na mtu aliyemtangulia. Hapa, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, wengi wanajifunza peke yao, kwa simu janja na laptopu ya kuazima, na kwa miaka mingi hawakuwa na mtu wa kumwuliza “kwa nini hii haifanyi kazi” saa tano usiku. Akili mnemba imewapa wa kumwuliza. Nimemwona binti mmoja wa mwaka wa pili wa chuo akiomba aelezwe kosa moja kwa njia tatu tofauti, kwa Kiswahili, hadi akalielewa, na hakuna mwalimu mwenye darasa la watu themanini ambaye angempa nafasi hiyo. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema vijana wakatazwe. Lakini nimemwona pia mwenzake aliyeleta mfumo mzima wa duka la dawa, uliopangika vizuri kwenye kioo, na nilipomwuliza dawa iliyokwisha muda inaondolewa wapi kwenye hesabu ya akiba, akageukia laptopu kuiuliza. Wote wawili walikuwa na kifaa kilekile. Binti alikuwa akikitumia kujenga ile nadharia ya Naur kichwani mwake. Mwenzake alikuwa akipokea alama zake bila kitu chenyewe.

Tofauti hiyo hujitokeza kwa ukali siku mambo yanapoharibika. Masoko ya tumbaku hufanyika kwenye maghala ya vijijini, ambako mtandao huja na kwenda, na umeme ukikatika mnara wa simu nao unaweza kunyamaza. Siku mfumo ulipogoma kusoma mizani katikati ya soko, wakulima wakiwa wamesimama kwenye foleni, sikuwa na wakala wa kumwuliza. Nilikuwa na kichwa changu na msimbo. Kwa bahati sehemu ya mizani niliiandika mwenyewe miaka miwili kabla, na nilijua kwamba kifaa hutuma uzito pamoja na herufi mbili za mwisho ambazo toleo jipya la mizani lilikuwa limezibadili. Nililirekebisha kwa robo saa. Kama ingekuwa sehemu ya makato, ile ya dakika tano, tungefunga soko.

Hatari mbili nyingine nitazitaja kwa ufupi kwa sababu zinaeleweka kwa urahisi. Modeli wakati mwingine hubuni jina la maktaba ya msimbo, yaani msimbo uliotayarishwa na wengine kwa ajili ya kupakuliwa, isiyokuwepo, na wahalifu wanaweza kusajili jina hilo na kuweka programu hasidi ndani yake, ili anayefuata ushauri bila kuhakiki aipakue mwenyewe. Na data tunazozishughulikia ni za watu: majina, namba za simu, madeni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mhandisi anayebandika orodha ya wanachama kwenye dirisha la mazungumzo la kampuni ya nje ili aokoe dakika kumi anawajibika chini ya sheria hiyo kama vile angekuwa ameitoa kwa mkono. Mimi hutumia majina ya kubuni na tarakimu zilizobadilishwa, hata ninapokuwa na haraka.

Kwa kuwa modeli haibaki na kumbukumbu ya mazungumzo ya jana, isipokuwa imewekewa mahali pa kuyasoma, tumetengeneza faili moja la kanuni ambalo wakala hulisoma kila anapoanza kazi. Limeandikwa kwa Kiswahili ingawa modeli huyakata maneno yetu katika vipande vingi kuliko ya Kiingereza, na kwa kuwa malipo huhesabiwa kwa vipande, hugharimu zaidi, kwa sababu nataka katibu aweze kulisoma na kulisahihisha bila kunipitia mimi. Mstari wa kwanza unasema: deni la dola hulipwa kwa dola kabla ya kubadilisha chochote. Wa pili unaeleza mtumba ni nini. Kila wiki mbili ninalichapa, ninampelekea, ananirudishia likiwa na alama za kalamu nyekundu, nami ninaingiza masahihisho yake na kubadili majaribio pale inapobidi.

Mara ya mwisho aliandika pembeni swali ambalo wala mimi wala wakala hatukuwahi kuliuliza: mkulima akifariki baada ya kuchukua pembejeo na kabla ya soko, na watoto wake wakavuna na kuuza kwa namba yake, mkopo unakatwa kwa nani na kinachobaki kinaingia akaunti ipi? Jambo hilo limetokea mara mbili tangu awe katibu, na mara zote mbili lilimalizwa kwa mazungumzo ya kifamilia mbele ya mwenyekiti. Nimeliweka kwenye faili kama mstari wa 17, na chini yake nimeandika kwamba mfumo usimame na kumwita mtu. Katibu amesema atalipeleka kwenye mkutano mkuu wa wanachama.